Malkia wa Mzinga wa Saba

Nilimtambua kwa rangi ya kucha. Alikuwa kwenye fremu ya nne, anatembea taratibu juu ya sega huku vibarua wake wakimpisha njia, na mgongoni ana doa jekundu lililokolea. Rangi ile niliinunua mwenyewe Tukuyu kwa ajili ya harusi ya mwanangu Ipyana. Nilipaka kucha siku ile moja, nikajiona kama nimeazima vidole vya mtu, na tangu hapo naitumia kuwatia alama malkia wa nyuki wangu wa nyumbani. Katika bonde zima la Kisyombe hakuna mwingine mwenye wazimu wa kupaka nyuki rangi ya kucha.

Shida ni kwamba huu haukuwa mzinga wa nyumbani. Ulikuwa mzinga wa saba wa serikali, na malkia wangu hakuwa na ruhusa yoyote ya kuwamo humo.

Mizinga ya mashahidi iko minane. Yote imepakwa chokaa, nayo imepangwa kuteremka mlima, kuanzia kwenye visima vya mvuke mpaka Kisyombe Chini, kule kwenye shimo la bonde ambako ukungu wa mwezi wa sita hulala hadi saa nne asubuhi. Ndani ya kila mmoja Mamlaka ya Hewa wamepachika kitu tunachokiita ulimi. Ni ukanda mwembamba wenye urefu wa kidole. Unaonja asali, unasikiliza mvumo, unahesabu nyuki wanaotoka na wanaorudi, na kila jioni unapeleka habari zake Dodoma bila kumuuliza mtu. Nyuki wakiwa wazima, mtambo unaendelea kuzalisha umeme. Nyuki wakifa, kisima kilicho juu yao kinafungwa.

Mimi ndiye mlezi wa mashahidi hao. Jina langu Tumpale, nina miaka sitini na tatu, na nilikula kiapo mbele ya kata nzima nikiwa nimevaa kitambaa cha kijani begani. Kazi yangu ni kufungua kila mzinga mara moja kwa mwezi, kutoa fremu ya kwanza, kukwangua gundi ya nyuki iliyoganda juu ya ulimi, na kufunga. Siruhusiwi kuwapa hata kijiko cha sukari. Siafu wakiwavamia, nasimama natazama. Kwa mfugaji wa nyuki hiyo ni kazi ya kikatili, na mwaka wa kwanza nilikuwa narudi nyumbani nalia.

Siku hiyo ya Jumatatu nisingeona kitu kama ulimi usingekuwa umebanduka na kudondokea ndani. Ndiyo maana niliinua fremu ya pili, ya tatu, na ya nne. Nilipomwona malkia nilirudishia ulimi mahali pake, nikafunga mzinga polepole, nikafungua wa sita na wa nane, hivyo nikawa nimefungua yote mitatu ya Kisyombe Chini. Ndani ya kila mmoja alikuwamo bibi aliyevaa rangi yangu.

Nikakaa juu ya jiwe na kofia yangu ya wavu kichwani. Nyumbani kwangu tunaishi wawili tu. Mtu anayejua chupa ya rangi inakaa wapi, anayejua kumshika malkia kwa vidole viwili bila kumuumiza, na anayeamka kabla yangu, ni mmoja. Nilikuwa namjua kwa miaka arobaini na minne.

*

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Mume wangu Ambakisye alipostaafu kufuga nyuki kwa sababu ya magoti, alihamia jikoni, na sijawahi kulalamika, maana anapika kuliko mimi. Jiko la umeme lilikuwa limewaka, maji yanachemka. Nikaweka bomba la kufukizia nyuki moshi mlangoni, nikavua kofia.

"Kwenye mzinga wa saba nimemkuta bibi yetu," nikamwambia. "Amevaa rangi yangu."

Hakuacha kumenya. "Anaendeleaje?"

Swali lile lilinikasirisha kuliko kosa lenyewe. Nilimpigia kelele kwa muda, mambo mengi, mengine ya zamani hayahusiani na nyuki, na yeye akaendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha. Kisha akanawa mikono, akakaa, akanieleza yote bila kuficha, kama alivyo siku zote ukimbana.

Ilianza mwaka wa kwanza wa mtambo, msimu wa baridi. Mimi nilirudi kutoka Kisyombe Chini nikisema mzinga wa saba umebaki na nyuki wasiojaa kiganja, kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango. Yeye alinisikia. Asubuhi akachukua fremu moja ya watoto wa nyuki kutoka mzinga wetu wenye nguvu, akaenda nayo mpaka kule chini kwa magoti yale yale yanayomkatalia kwenda kanisani, akaipachika. Hivyo ndivyo wafugaji wote wa huku wanavyofanya. Mzinga dhaifu unaongezewa kutoka kwenye mzinga wenye nguvu, huna haja hata ya kufikiri, mkono unakwenda wenyewe. Mwaka wa pili aliongeza fremu tatu. Mwaka wa tatu malkia wa kule walikuwa wamekwisha kabisa, akapeleka wa kwetu.

"Nilidhani ni nondo wa nta," akasema. "Mwaka wa kwanza nilidhani ni nondo. Haki ya Mungu."

"Na mwaka wa pili?"

Akatazama mikono yake. "Mwaka wa pili nilianza kuwa na wasiwasi. Nondo anaacha utando. Sikuona utando."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuniambia. Mume wangu si mtu wa kusema mambo ya moyoni, hata siku ya kuniposa aliongea zaidi na baba yangu kuliko na mimi.

"Tangu wakupe kile kitambaa unatembea umenyooka," akasema. "Miaka yote uliyobeba kuni ulikuwa umeinama. Nikajua nikikwambia, utakwenda kusema, watakuvua. Sikutaka uiname tena, Tumpale."

Huwa ananiita Mama Ipyana. Jina langu analitumia mara chache sana, na kila mara huwa linanilegeza. Nilinyanyuka nikatia ndizi kwenye maji, nikasimama nimempa mgongo ili asione uso wangu. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa nampenda, yote mawili kwa wakati mmoja, na sikujua lipi nilishughulikie kwanza.

Maana nilishaelewa tulichokifanya. Nyuki wa chini walikuwa wanapotea njia ya kurudi nyumbani kila msimu wa baridi. Mvuke wa ardhini una hewa yake nzito, ile yenye harufu ya yai bovu. Wakati wa joto upepo unaipeleka. Kukiwa na baridi na ukungu, inateremka na kulala mahali pa chini, na mahali pa chini kuna nyumba kumi na moja. Mwezi wa kwanza wa mtambo watu walilalamikia harufu. Baadaye wakasema imekwisha, tukafurahi. Kumbe hewa ile ikizidi inaua pua kwanza. Nyuki walikuwa wanalisema hilo mwaka hadi mwaka, na kila wakianza kulisema mume wangu anawaziba mdomo kwa upendo.

Na Alhamisi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya baraza la hewa. Mtambo unaombewa kibali cha miaka kumi, na anayesimama kuthibitisha kwamba mashahidi hawakuguswa na mkono wa mtu ni mimi.

*

Siku ile na ya pili yake nilikuwa na mpango wangu. Ninyamaze. Alhamisi nithibitishe, kibali kitoke, na kuanzia hapo tusiiguse tena ile mizinga. Nyuki watakufa wenyewe, ulimi utapeleka habari, na kisima cha tatu, kile kilicho juu yao, kitafungwa bila mtu kumtaja Ambakisye. Kumgusa shahidi ni miaka miwili gerezani. Ana miaka sabini na moja. Nilimwona kichwani mwangu akilala juu ya saruji na magoti yale, na mpango wangu ukazidi kuwa mzuri.

Ulikuwa na kasoro moja tu. Kibali cha miaka kumi kikishatoka, sheria inataka misimu mitatu mibaya mfululizo ndipo kisima kifungwe. Misimu mitatu ni watu wa nyumba kumi na moja kuvuta hewa ile miaka mitatu mingine. Nikajiambia labda haiwadhuru sana. Nikajiambia mbona wanatembea, wanacheka, wanachuma chai. Jumatano nikachukua chupa ya asali nikateremka kwenda kujionea, huku natumaini kuona ninachotaka.

Nilikwenda kwa Mama Lusubilo, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kuchuma chai. Nilianza kusikia harufu ya maharage yanayoungua nikiwa bado barabarani. Yeye alikuwa ameketi hatua mbili kutoka jikoni, anasuka mkeka, moshi unatoka dirishani nyuma yake. Nilipita mbio nikazima jiko. Aligeuka, akaona moshi, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema pua yake imezeeka kabla ya miguu, na kwamba hilo ni hasara kwa mtu ambaye kazi yake ni chai. Macho yake yalikuwa mekundu. Alifunga kitambaa kichwani, amekikaza, na nilipomuuliza akasema kichwa kinamsumbua asubuhi, ila ikifika saa tano kinaachia. Majirani nao ni hivyo hivyo. Ni baridi tu.

Kisha akaanza kuusifu umeme. Alinionyesha sehemu ya chini ya mgongo wake, mahali ambapo mzigo wa kuni ulikuwa unakaa kwa miaka thelathini, akasema sasa hapamuumi tena. Akasema mama yake alikufa kwa kifua cha moshi na yeye angekufa hivyo hivyo. Akasema akisikia mtu anausema vibaya mtambo, atampiga na mwiko.

"Na nyuki wanasemaje mwaka huu?" akaniuliza. "Wazima?"

Nilikuwa na asali yangu mkononi. Nilikwisha kufungua mdomo.

"Wazima," nikasema.

"Basi na sisi wazima," akasema, akaenda kukwangua sufuria.

Nilipanda mlima nikiwa naona haya kiasi kwamba watu walionisalimia sikuwaitikia. Ningewadanganya Mamlaka, ningemdanganya Rais mwenyewe, pengine ningelala usingizi. Lakini yule mwanamke haangalii takwimu za Dodoma. Anatazama uso wangu, akiona nimesema wazima, anakwenda kulala pale pale kwenye shimo.

Jioni nilimwambia Ambakisye nitasema. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anasubiri. Sikumwambia nitasemaje.

*

Ofisa wa Mamlaka alikuwa Bwana Gwakisa, mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuinama anapokuamkia hata kama wewe ndiye unayepaswa kumwogopa. Kabla baraza halijaanza alinivuta kando kunipongeza. Akasema habari za Kisyombe zimetumika kuandika kanuni mpya. Zamani kila kisima cha mvuke kilitakiwa kuwa na kichujio cha kunasa hewa nzito, kitu cha gharama kilichochelewesha miradi. Kwa kuwa Kisyombe imekaa miaka mitatu bila kichujio na nyuki wa bondeni wananenepa, sharti hilo limeondolewa. Mabonde mengine matatu yameanza kuchimba.

"Ni kwa ajili ya mizinga yako mitatu ya chini, mama," akasema. "Hasa wa saba. Ule wa saba tunauonyesha kwenye mikutano."

Nikamwambia ahsante.

Ukumbi wa kata ulijaa. Upande mmoja walikaa watu wa mtambo na wakili wao, upande mwingine wanakijiji, na Ambakisye alikuwa benchi la tatu, amevaa koti la harusi ya Ipyana. Wakasoma kibali. Wakasoma miaka kumi. Kisha Bwana Gwakisa akaniita mbele, akaniuliza kwa maneno ya sheria kama mashahidi wanane walio chini ya ulezi wangu wamesema kwa hiari yao, bila kulishwa, bila kutibiwa, bila kuongezewa.

"Hawakusema kwa hiari yao," nikasema. "Watatu wa chini wameongezewa miaka mitatu. Mkono ni wangu."

Nikaendelea haraka kabla ujasiri haujaniisha, nikaeleza fremu, malkia, rangi ya kucha, na nyuki wanaopotea njia. Nikasema kila kitu kama kilivyokuwa, ila mahali palipokuwa na jina la mume wangu niliweka langu. Nilifikiri nimefanya vizuri. Mimi ni mdogo kwake kwa miaka minane na magoti yangu ni mazima. Gerezani ningeweza.

Nikasikia benchi la tatu linalia.

"Bwana ofisa," Ambakisye akasema, bado anajinyanyua, "huyu mama ni mwongo. Hajawahi kumshika malkia bila kumkunja bawa. Rangi ni yake. Mkono ni wangu."

Watu wachache wakacheka, kisha wakaona haya. Mimi nilimwambia akae. Akaniambia hakai. Bwana Gwakisa alitutazama mmoja baada ya mwingine, akavua miwani, akamwomba Ambakisye aonyeshe kwa vidole vyake mwenyewe jinsi malkia anavyoshikwa. Akaonyesha. Vidole vyake viwili vilikutana hewani taratibu, na hakuna mtu ukumbini aliyebaki na shaka.

Wakili wa mtambo alisimama. Akasema kwa heshima zote kwamba maneno haya hayana uzito. Sheria ya Mashahidi Hai ilitungwa kwa sababu mababu zetu walikuwa na mita za kupima hewa, na mita zilichezewa, na walikuwa na wataalamu, na wataalamu walinunuliwa. Ndipo ikaamuliwa kwamba mbele ya baraza la hewa asiyeweza kuhongwa ndiye atakayesikilizwa, nyuki au samaki au chura. Binadamu hashuhudii juu ya hewa. Kwa hiyo ukiri wa wazee hawa unaweza kuwapeleka jela, lakini hauwezi kufunga kisima.

Nilidhani Bwana Gwakisa atapinga. Akaitikia kwa kichwa.

"Wakili anasema kweli," akasema. "Mita ninayo kwenye gari. Nilipita nayo Kisyombe Chini asubuhi hii kwa udadisi wangu tu, nikashangaa, nikadhani imeharibika. Lakini mita haina ruhusa ya kusema hapa. Wala mimi sina. Wenye ruhusa ni wale."

Akatoa uamuzi wake akiwa amesimama. Kibali kisitoke. Mizinga mitatu ya chini ipigwe lakiri siku hiyo hiyo, iachwe na nyuki waliomo, na isiguswe kwa siku arobaini za ukungu. Wakiishi, mtambo uko salama na sisi wawili ni wazushi. Wakifa, kisima cha tatu kifungwe saa ile ile, sharti la vichujio lirudi kwa nchi nzima, na yale mabonde matatu yasimame. Watu wa chini hana mamlaka ya kuwahamisha, ila anawasihi wapande juu kwa ndugu na marafiki. Kuhusu Ambakisye, sheria inampa anayekiri kabla ya kukamatwa nafasi ya kuchagua. Miaka miwili ya kifungo, au asifungue tena mzinga wowote maisha yake yote, hata wa kwake mwenyewe.

Mume wangu hakufikiri. Akasema ataacha mzinga. Lakini nilimwona akiweka mikono yake mfukoni mwa lile koti, na sikuweza kumtazama tena.

Mimi walinivua kitambaa. Kisha Bwana Gwakisa akakikunja, akanirudishia mkononi, akasema hadi apatikane mlezi mwingine mimi ndiye nitakayeikalia ile mizinga kwa siku arobaini, kwa sababu hakuna mwingine katika bonde hili anayejua nyuki wanavyosikika wanapokufa.

*

Mama Lusubilo alihamia kwetu na mkeka wake. Siku tatu hakusema na mimi. Siku ya nne aliniambia kwamba alichokasirikia si nyuki, ni lile neno nililomwambia nikiwa nimeshika asali, na nikamwambia hata mimi ndilo lililonikasirisha. Akalia kidogo, nami nikalia, tukachambua mchicha. Familia nyingine zilikwenda shuleni na kanisani. Nyumba mbili zilikataa kuhama, zikasema sisi tuna wivu na maendeleo. Mtu alipita njiani akamwambia Ambakisye kwamba mkaa ukirudi, moshi wa kwanza atauleta mlangoni kwetu. Hayo yalisemwa na watu tuliowazikia wazazi wao.

Kila asubuhi niliteremka kuikalia mizinga na kifuniko cha pua alichoniachia Bwana Gwakisa. Siku ya kumi wale wa sita walipungua. Siku ya kumi na tisa wa nane walinyamaza. Wa saba waling'ang'ania. Yule bibi wangu alikuwa wa ukoo mzuri, nilimlea kutoka kwenye mzinga uliotoka kwa mama yangu, na kila nilipoweka sikio kwenye ubao nilimsikia bado anafanya kazi, anataga katika nyumba ambayo watu wake wanatoka asubuhi na hawarudi. Niliwaona wengine kwenye majani, wanazunguka hatua tano kutoka mlangoni mwao, hawaujui.

Siku ya ishirini na sita Ambakisye alisema tunakwenda wote. Nikamkumbusha magoti. Akasema magoti ni yake. Tulichukua saa nzima kuteremka, tunapumzika kila kona. Sheria ilimkataza kufungua mzinga, haikumkataza kukaa, kwa hiyo nilimtafutia jiwe, nikamfunga kifuniko chake, nikakaa karibu naye. Tulikuwa hatua kumi kutoka wa saba. Mvumo wake ulikuwa umebaki mdogo sana, unakatika na kurudi.

Nilijua anachofikiri kwa sababu nilikuwa nafikiri hicho hicho. Juu, nyumbani, kulikuwa na mizinga tisa iliyojaa. Fremu moja ya watoto wa nyuki ingetosha. Mimi niliruhusiwa kufungua mizinga ya nyumbani, yeye hapana, lakini mkono wa mfugaji haujui sheria. Niliuona ule wa kulia ukifunguka na kujikunja juu ya goti lake.

"Nishike mkono," akasema. "Nisije nikanyanyuka."

Niliushika. Ulikuwa wa baridi na mgumu, mkono wa watu wawili niliowafahamu, yule kijana aliyenipa sega lake la kwanza na huyu mzee asiye na nyuki. Aliubana wangu kwa nguvu. Nikambana na mimi. Tulikaa hivyo, na mvumo ukakatika, ukarudi, ukakatika. Tukasubiri. Ambakisye alikuwa anatingisha kichwa polepole, anakataa kitu ambacho hakuna aliyemuuliza.

"Samahani, bibi," akamwambia yule malkia. "Sema tu. Safari hii tunakusikia."

Mvumo haukurudi tena. Baadaye, sijui baada ya muda gani, jioni ulimi ulipopeleka habari zake, juu mlimani bomba la kisima cha tatu lilitoa pumzi ndefu, kisha likanyamaza. Lilikuwa halijanyamaza kwa miaka mitatu na tulishasahau kwamba lina sauti. Nyumba za bondeni taa zikazimika zote. Mahali fulani mtu alitukana, na ndege wakaanza kusikika.

"Basi niachie," Ambakisye akasema. "Imekwisha. Sitanyanyuka."

Sikumwachia.